Barua kwa mwanangu: shika namba ya gari, jina la kampuni waachie wao

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nilimuita mama yako naye akasikia. Umesema kuna kampuni ya malori hapo Dar imekuita, gari zao zinapakia bandari ya Tanga kwenda Zambia, wanataka uanze wiki ijayo, na unaniuliza utajuaje kama ni kampuni ya kweli na gari ni salama, maana yule mwenzako alieko Marekani kakwambia kule yeye anaingiza namba kwenye simu anaona kila kitu.

Ni kweli kabisa. Kule kampuni inayovusha mizigo jimbo hadi jimbo inapewa namba na serikali, wanaiita USDOT, inaandikwa ubavuni mwa lori, ukiiweka kwenye tovuti yao unaona wana magari mangapi, ajali za miezi 24 iliyopita, na gari ngapi zilipokaguliwa zikazuiwa palepale kwa ubovu. Ila mwambie na yeye aelewe, ajali kule inaandikwa hata kama dereva wao hakua na kosa, kwahiyo hizo gari zilizozuiwa kwa ubovu ndio azitazame sana, hapo ndio utamjua tajiri anaetengeneza gari na asietengeneza.

Huku kwetu habari hizo zimekaa ofisi tofauti tofauti, inabidi uziokote mwenyewe moja moja. Na uzi wa kuziunganisha ni namba ya gari, plet namba. Ngoja nikwambie kwanini nasema hivyo.

Mwaka ule mdogo wako kazaliwa nilikua naendesha lori la mbao kutoka Lushoto. Tukiwa tunateremka kuja Mombo breki zikakataa, nilishamwambia bosi wiki nzima kwamba upepo unavuja, kila siku naambiwa piga safari moja tu hii ndio ya mwisho. Niliegemeza gari mlimani. Mi nilitoka na michubuko, utingo wangu mguu ukakatwa, kijana wa miaka 20. Tukaenda kudai bima, stika ilikua feki. Tukaenda ofisini, pamefungwa. Miezi haikupita mingi nimesimama Segera nakunywa chai naliona lori lile lile, rangi mpya, jina jipya mlangoni, dereva mwingine kijana kama wewe. Plet namba ndio ile ile. Nilishindwa kuimaliza ile chai mwanangu, nikamfata yule kijana nikamueleza, sijui kama alinisikiliza.

Kwahiyo kabla hujasaini chochote, nenda yadi kwao utembee, andika namba za gari nne tano, ya kichwa na ya tela, maana tela nalo lina namba yake na watu wengi wanalisahau. Tena angalia plet yenyewe, gari ya biashara ni plet nyeupe, ukikuta lori linabeba mzigo wa watu na plet ya njano jiulize.

Ukishapata namba, ingia kwenye tovuti ya TIRA, wale wasimamizi wa bima wa serikali, sehemu ya kuhakiki bima, weka namba ya gari, inakuletea kampuni ya bima na tarehe ya kuanza na kuisha. Enzi zetu kitu hiki hakikuwepo, kingekuwepo tungeijua ile stika feki kabla mimi na utingo wangu hatujapanda lile gari. Alafu weka namba hiyo hiyo kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini. Faini moja mbili sio neno, barabarani huko tunajuana, lakini ukiona gari moja ina mlolongo wa faini za mwendokasi na ubovu, ujue pale dereva anakimbizwa. Leseni ya LATRA, ile ya kuruhusu gari kubeba mizigo barabarani, nayo waombe wakuonyeshe, usione aibu, soma namba iliyoandikwa pale ni ya gari ile ile utakayopewa funguo na haijaisha muda.

Jina la kampuni litafute BRELA, ofisi ya serikali inayosajili makampuni, kwenye mtandao wao unatafuta bure. Angalia tarehe ya kusajiliwa. Mtu anakwambia tuna uzoefu miaka 15 alafu kampuni imesajiliwa mwaka jana, huyo muulize kabla ya hapo alikua anaitwa nani, na umuangalie usoni akijibu.

Sasa hili la bima lishike vizuri kwasababu madereva wengi wanalikosea. Bima ndogo ile ya lazima inamlipa mtu wa nje uliemgonga, wewe uliekaa kwenye usukani haikuhusu. Ukiumia kazini wa kukulipa ni WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na mchango wake anatoa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi. Kwahiyo waulize kama wamejisajili WCF na NSSF, na mkataba uwe wa maandishi. Wakikwambia tutaandikishana baadae ukishazoea, we rudi nyumbani.

Kwenye mkataba uangalie faini ya mizani analipa nani. Gari ya ekseli 7 mwisho tani 56, hapo ni gari na mzigo pamoja, sasa tajiri anaezidisha mzigo alafu faini anamkata dereva, huyo hata breki hatakununulia. Na Tanga hadi Tunduma mpakani na Zambia inazidi kilomita 1,000, waulize wanakupa siku ngapi. Mlima Kitonga wa Iringa wakati wa kwenda unapanda, lakini kurudi umebeba shaba unauteremka ule mlima, na pale ndio utajua kama gari ina breki au ina hadithi.

Madereva wao pia waulize, ila sio yadini mbele ya bosi, wafate pale wanapokula. Waulize gari ikiharibika njiani nani anapigiwa simu na anafika baada ya muda gani.

Najua umekaa bila kazi muda mrefu na mkopo wa ada ya leseni unakuuma, mama yako na mimi tumeongea, tutakusaidia mwezi huu na ujao. Usiende kwa ajili ya deni.

Hizo namba ukishazipata nitumie leo leo, za vichwa na za tela. Kuna fundi hapa Pongwe gari nyingi za bandarini zinapita mikononi mwake, kesho asubuhi nitakua kwake.