Barua kwa mwanangu: kuhusu mwimbaji wenu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema mwimbaji wenu amekosa maonyesho mawili kwa sababu ya waragi, ile pombe kali, na wenzako wanataka atolewe. Tena umesoma kwamba The Pogues, ile bendi ya kaseti yangu, nao walimfukuza mwimbaji wao. Unaniuliza, "Mama, walifanya haki?" Jambo hili haliishi kwa simu, ndiyo maana naandika.

Kaseti yenyewe unaikumbuka. Utepe ukilegea, ulikuwa unakaa hapo mlangoni na peni ya Bic ukiuzungusha taratibu usikatike. Nilipokuwa karani wa shule, mwalimu mmoja kutoka Ireland aliniachia siku anarudi kwao. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika inakimbiza. Zilikuwa nyimbo za wazee, za aina ile inayoimbwa watu wakizunguka chungu cha pombe ya malwa, lakini zimepigwa kama vile nyumba inaungua.

The Pogues walianza London, mtaa wa King's Cross, mwaka 1982, wakiwa vijana wa panki, muziki wa kelele na hasira. Mwimbaji wao, Shane MacGowan, alizaliwa Kent, Uingereza, siku ya Krismasi 1957, ila sehemu ya utoto wake aliipitisha Tipperary, Ireland, kwa ndugu za mama yake, ambako watu waliimba nyumbani. Spider Stacy alishika filimbi ya bati, na mahali pengine alijigonga kichwani kwa sinia la bia ili kupiga mdundo. Jem Finer alikuwa na banjo, Cait O'Riordan gitaa la besi, Andrew Ranken ngoma, akizipiga amesimama. Jina lao la kwanza, Pogue Mahone, ni tusi kwa Kiayalandi. Watu wa redio walipolielewa, likafupishwa.

Anayenigusa zaidi ni James Fearnley. Alikuwa mpiga gitaa, akaweka gitaa chini akajifunza akodiani, kwa sababu nyimbo zile zilitaka akodiani. Siku ulipoacha kinanda chako cha umeme ukaomba akogo, kile kinanda cha vyuma cha vidole gumba, ya marehemu mjomba wako, nilimfikiria yeye.

Albamu ya kwanza ilitoka 1984. Ya pili, 1985, ilitayarishwa na mwanamuziki Elvis Costello. O'Riordan aliondoka 1986 na Darryl Hunt akachukua besi. Wakaongezeka Philip Chevron kwenye gitaa na Terry Woods kwenye mandolini, mtu mzima aliyekuwa amepiga muziki wa asili wa Ireland miaka mingi kabla yao. Mwaka 1987 wimbo wao wa Krismasi, "Fairytale of New York", MacGowan akiimba na Kirsty MacColl, ukafika namba mbili Uingereza. Hadi leo unapigwa kila Desemba.

Na pombe nayo ikapanda pamoja na jina. Walipopangiwa kumtangulia Bob Dylan jukwaani Marekani, MacGowan hakutokea. Wenzake walivumilia miaka. Mwaka 1991, wakiwa Japani, walimwita wakamwambia basi. Inasimuliwa kwamba aliwauliza mbona wamechelewa hivyo. Joe Strummer wa bendi ya The Clash akawashikia nafasi kwa muda, kisha Stacy, yule wa filimbi, akawa mwimbaji. Mwaka 1996 wakavunja bendi.

Walifanya haki. Nalisema bila kuzunguka. Mtu aliyelipa kiingilio hawezi kuambiwa asubiri mlevi aamke, na mlevi mwenyewe hasaidiwi kwa kushangiliwa akiwa anapepesuka. Lakini usiishie 1991. Mwaka 2001 walikutana tena, MacGowan akiwa mbele, wakapiga pamoja mpaka 2014. Alifariki tarehe 30 Novemba 2023. Siku ya mazishi, kanisani Nenagh, watu wa Pogues walipiga ule wimbo wa Krismasi mbele ya jeneza, na mke wake na dada yake wakainuka wakacheza. Walewale waliomwambia basi. Niliitazama kwenye simu, nikalia hapa peke yangu.

Nililia kwa sababu ya mjomba wako. Sijawahi kukueleza vizuri. Naye alitolewa kwenye kikundi chetu cha ngoma kwa pombe, na mimi dada yake nilikuwa mmoja wa walioinua mkono. Kwa miezi kadhaa alikuwa anakuja siku za mazoezi, anasimama ng'ambo ya barabara, akogo kwapani, kidole gumba kikichezea chuma kimoja tu bila sauti. Sisi tuko chini ya mwembe, tunamwona. Hakuna aliyemwita. Nilijiambia nikimwita nitavunja uamuzi wa wenzangu. Tulipomzika, hapakupigwa akogo hata moja.

Kumtoa jukwaani halikuwa kosa, mwanangu. Kosa langu ni ile barabara ambayo sikuivuka.

Kwa hiyo mwambieni mwenzenu ana kwa ana, wote mkiwa mmekaa chini. Msimwandikie kwenye kundi la WhatsApp. Mwambieni jukwaani hapandi mpaka awe amekaa bila waragi muda mtakaokubaliana, ila mazoezi ya Jumanne ni yake kama zamani, na chai yake ipo. Wa kuimba kwa sasa ni wewe. Najua utasema sauti yako si ya mbele. Hata Stacy alikuwa mtu wa filimbi.

Usingoje Jumanne. Nenda kwake kesho, mchana, kabla hajaanza kunywa. Mpelekee chakula, usimpe pesa. Asipofungua, mwachie jirani sahani hiyo, na kesho kutwa urudi kuichukua.

Mama yako,
Tororo