Risiti ya broka haiokoi bondi feki

Swali: Wakili, mimi ni kontrakta mdogo hapa Kakamega. Niliomba tenda ya kaunti ya kujenga madarasa, bei yangu ndiyo ilikuwa ya chini kabisa, lakini wamenitoa eti kampuni ya bima imewaandikia kwamba bondi yangu ya tenda, ile dhamana ya bima, haiijui. Nililipa broka na risiti ninayo. Niende kortini?

Jibu: Broka tena! Hapa Kisumu sijui kama mwezi unaisha bila mtu kuniletea hii stori. Sikiza, huanzi kortini, unaanza na bodi ya rufaa za tenda, na ni siku 14 tangu upate barua, zikipita sahau. Lakini nikikuambia una kesi nitakuwa nakula pesa yako bure. Kifungu cha 79 cha sheria ya ununuzi ya 2015 kinasema tenda lazima itimize masharti yote ya lazima, na bondi ukiitishwa ni mojawapo, sasa hiyo bei yako ya chini hata hawaifikii. Risiti peleka polisi ikusaidie kumshika huyo jamaa na kujitetea wewe mwenyewe, maana aliyeweka karatasi feki kwa faili ni wewe si yeye, na wakisema ulijua, unaweza kufungiwa tenda za serikali miaka 3 kwenda juu.

Kinachonikera ni watu kudhani bondi ni karatasi tu ya kujaza faili, kama kava ya kubaindi pale saiba. Ile ni ahadi ya pesa jamani! Bima inaambia kaunti, huyu akishinda halafu akatae kusaini, sisi tunalipa, na kisheria inaweza kufika 2% ya tenda, yaani ya milioni 10 ni laki mbili. Wengine nao wanafikiri ni bima yao, ati likiharibika kampuni itabeba. Wapi! Ikilipa kaunti inarudi kukudai wewe, ndiyo maana bondi ya kweli lazima usainishwe fomu za kukubali deni. Sasa mtu anakutumia bondi kwa WhatsApp, hujasaini kitu, hajaitisha hata cheti cha kampuni, na wewe unaprinti!

Piga simu makao makuu ya bima kabla tenda haijafungwa, na namba utafute mwenyewe, usitumie ile iko kwa karatasi, hiyo atashika broka.

Halafu kuna vijana, kina mama na watu wenye ulemavu wenye cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kuwatengea tenda. Tenda ikiwa imetengewa nyinyi, bondi haitakiwi kabisa, mnajaza fomu ya tamko na kusaini. Nimeona vijana wakitupwa nje na bondi feki ambayo hakuna mtu aliwaitisha.