Muulize Fundi Paa: Rola za Lami, Malengelenge na Maji Yanayotembea

Mwezi huu barua karibu zote ni za kitu kimoja, zile rola za lami za kutandika kwenye paa bapa, wengine mnaita felti wengine membreni, sawa tu tunaelewana. Zile zilizouliza "ipi ndo kali kuliko zote" nimeziweka pembeni mtanisamehe.

*

*Shikamoo fundi. Nilimwaga slabu ya juu, wiki mbili baadae fundi akaja na tochi ya gesi akatandika membreni ya mm 4, ikakaa safi inang'aa. Mwezi haujaisha imejaa malengelenge, mengine makubwa kama sufuria, ukikanyaga linabonyea alafu linarudi juu. Fundi anasema rola zilikuwa feki. Nikamkabe mwenye duka?* — Mwenye slabu mpya

Marahaba. Kabla hujamkaba mtu hesabu kwanza siku. Wiki mbili! Zege tunalipatia siku 28 angalau, na hizo ni za nguvu yake tu, kukauka ni habari nyingine kabisa maana slabu nene juu inakua nyeupe imekauka ukiigusa lakini ndani bado ina maji kibao. Sasa wewe umechukua kitu kisichopitisha maji umekifunika juu, yale maji yaende wapi? Mwali wa tochi ukipita unyevu uliopo juu ya zege unageuka mvuke palepale, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya mwanzo, kwahiyo karatasi inaachia pale ilipotakiwa kushika. Hapo lengelenge limeshazaliwa ila dogo, hulioni. Alafu linakuja jua, karatasi nyeusi inapika, hewa na mvuke ndani vinatanuka vinasukuma, usiku inapoa inanyonya hewa nyingine kidogo, kesho tena. Linakua taratibu mpaka linafika saizi ya sufuria yako.

Rola inaweza kuwa feki, sikatai, ila feki mara nyingi inapasuka au inachuja, haivimbi hivyo.

Kipimo ambacho fundi wako alitakiwa afanye hakina gharama. Unakata kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, unakibandika juu ya zege kwa tepu pande zote nne kisipitishe hewa, unakiacha saa 16 au mpaka kesho yake. Ukifunua ukikuta matone kwa ndani au zege limekua jeusi pale chini, funga vifaa nenda nyumbani. Na praima je, alipaka? Hujasema. Ile lami nyepesi ya kupaka kwanza ndo inashika vumbi na kufanya karatasi ing'ang'anie, na lazima ikauke isinate kidoleni kabla ya kuwasha moto.

Matibabu sasa. Yale madogo ambayo hayapo kwenye kiungio na hayajapasuka YAACHE, ukianza kuyatoboa unaongeza matundu bure. Makubwa, au yaliyokaa kwenye kiungio, unachana alama ya X, unafunua masikio yote manne, unaacha pakauke kweli kweli, praima, unayeyusha unarudisha chini, juu yake kiraka kinachozidi machano sm 15 kila upande. Kona za kiraka uziviringishe, kona kali ndo zinaanza kunyanyuka.

*

*Kaka, muuzaji ananiambia rola za APP ni plastiki na za SBS ni mpira, kwahiyo nichukue mpira. Kweli?* — Nimechanganyikiwa

Kakwambia nusu. Lami tupu ina tabia mbaya mbili, jua kali inalainika inatiririka, baridi inakua ngumu inapasuka. Ndo maana kuanzia miaka ya 1960 huko Ulaya wakaanza kuichanganya na polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki na mpira. APP ni polipropilini ya aina fulani, ukichanganya lami inavumilia joto sana, hailainiki mpaka karibu nyuzi 150, na jua haliili haraka. SBS ni kweli ina tabia ya mpira, inavutika inarudi, na baridi ya chini ya nyuzi 20 hasi bado unaweza kuikunja, ila kwenye joto inalainika mapema zaidi, kama nyuzi 100 hadi 120 hivi. Kwahiyo paa la jua kali mwaka mzima APP, paa la baridi au jengo linalotikisika na kucheza cheza SBS. Hamna mshindi hapo.

Ila kuna swali ambalo hamuulizi nyie wateja na mie linaniuma. Ndani ya hiyo lami kuna kitambaa gani? Kila rola ina kitambaa katikati ndo kinabeba mzigo wote. Fibaglasi imetulia haijikunyati, lakini kuvutika ni asilimia chache tu baada ya hapo inakatika. Poliesta inavutika asilimia 30 na zaidi na haichaniki kirahisi. Slabu yenye nyufa zinazofunguka na kufunga ukiiwekea fibaglasi peke yake ufa utakuja kukusalimia juu. Soma lebo, sio rangi ya karatasi.

*

*Fundi, tabaka moja nene au mawili membamba? Bajeti ni ileile.* — Baba Kijacho

Mawili, kama yanashikana. Sababu sio unene, ni makosa. Kila tabaka litakua na sehemu moja fundi kapitiwa, moto umepita haraka au mchanga umeingia kwenye kiungio, na kosa la chini kukutana sawasawa na kosa la juu ni bahati mbaya sana. Ndo akili ya tangu enzi za kupaka lami ya moto na kutandika felti tatu nne juu kwa juu.

Lakini kuna masharti. Tabaka la juu liende uelekeo uleule na la chini, lisogezwe nusu ya upana wa rola, yaani rola ya mita 1 unasogea sm 50, ili kiungio cha juu kikae katikati ya karatasi ya chini. Usikubali yule wa kukatiza kama mkeka, inaleta vinundu pale zinapokutana kingo nyingi na maji yanakwama. Kupandana ubavuni sm 10, kichwani sm 15, na unaanza sehemu ya chini kabisa ya mteremko unapanda nayo, ili viungio visiyaangalie maji yanakotoka. Ukitaka kujua fundi kayeyusha vizuri chungulia ukingo wa kiungio, lazima kamstari ka lami kawe kametoka nje kama mm 5 hadi 10 mfululizo. Pale kamstari kanapopotea ndo kidole chako kitaingia.

*

*Maji yanadondoka katikati ya sebule. Nimepanda juu mara tatu, katikati ya paa karatasi ni nzima haina hata mkwaruzo. Nimeweka kiraka hata hivyo, bado. Nichoke?* — Ndoo tatu sebuleni

Hicho kiraka ni sawa na kumpaka dawa mtu asieumwa. Maji hayana adabu ya kushuka yalipoingilia, yanapita chini ya karatasi, yanafuata mteremko wa slabu, yanatafuta ufa au bomba la waya za umeme, ndo yanatokea sebuleni kwako mita kadhaa kutoka yalipoingilia. Katikati ya paa mara nyingi hamna kesi. Kesi ipo pembeni.

Panda mara ya nne, ila sasa tembea kwenye kingo. Kwenye kile kiukuta cha pembeni karatasi imepanda sm 15 juu ya usawa wa paa? Ncha yake ya juu imebanwa na ubao wa aluminiamu na kuzibwa, au imeachwa inaning'inia maji ya ukutani yanaingia nyuma yake? Pale sakafu inapokutana na ukuta, walijaza mota (mchanga na saruji) mteremko wa nyuzi 45 au wamekunja karatasi kona kali ikabaki na uwazi chini? Alafu kila bomba linalotoboa paa, miguu ya tanki, stendi ya dishi (watu wa dishi wanapiga bolti juu ya membreni ya watu bila aibu), na mdomo wa kutolea maji. Huo mdomo nauangalia wa kwanza mimi, maana maji yote ya paa lazima yapite hapo.

Usipoona kitu, jaribu la kuziba mdomo na kujaza maji saa 24, ila gawa paa vipande vipande kwa vizuizi ujue kipi kinavuja. Sm 5 za maji ni kilo 50 kila mita ya mraba, kwahiyo kama slabu ina mashaka usithubutu kabla hujaongea na injinia.

*

*Naweza kutandika karatasi ya plastiki ya PVC juu ya lami ya zamani? Au ile raba ya EPDM?* — Mvivu wa kubandua

PVC na lami haviivi, lami inanyonya vilainishi vya PVC, hiyo PVC inakauka inakua ngumu, lazima kitambaa cha kutenganisha katikati. EPDM nayo haipendi mafuta ya lami, inavimba. Na kama chini pamelowa, chochote utakachoweka juu unafungia maji ndani tu. Bandua.

*

*Paa langu ni la mbao, fundi anasema atapitisha tochi "kwa uangalifu".* — Naogopa moto

Endelea kuogopa. Ule mwali unazidi nyuzi 1,000 na mbao haiungui mbele yako, inafukuta ndani ya uwazi inawaka masaa mawili baadae mkiwa mshaondoka. Tabaka la kwanza lipigwe misumari, juu yake ile ya kujibandika yenyewe au gundi ya baridi. Hata kwenye zege mtu abaki juu na kizima moto angalau saa nzima baada ya tochi kuzimwa, akikagua kwa mkono kama kuna sehemu bado ina joto.

*

*Rangi ya silva ni urembo au ina kazi?* — Swali fupi

Ina kazi. Jua linaikausha lami mpaka inapasuka, silva inalirudisha. Karatasi mpya isubiri wiki kadhaa kwanza mafuta ya juu yatoke, ukipaka siku hiyohiyo itabanduka. Kama rola yako ina zile punje za mawe juu basi hela ya rangi kaa nayo.