Dalali anataka asilimia 10 na cha juu, tukubali?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunauza nyumba yetu Kimara, vyumba vitatu, ina hati, maji na umeme vipo, mume kahamishiwa Dodoma kikazi na tunataka tukajenge huko huko. Tumempata dalali mmoja kijana mchangamfu kweli, anasema nyumba itatoka chap ila anataka asilimia 10, halafu tumtajie bei yetu ya mwisho na chochote atakachopata juu yake ni cha kwake. Hataki dalali mwingine aiguse, na anataka tumkabidhi hati orijino ili wateja wamwamini. Mkataba anasema wa nini, sisi watu wa kuaminiana. Sisi tunataka mil 120. Mume anasema tukomae asilimia ishuke tu, mengine hayana shida. Naomba ushauri.
Mama wa watatu, Kimara

JIBU: Dada yangu, shemeji yuko sahihi kwamba asilimia 10 ni kubwa, ila hayo mengine anayosema hayana shida ndiyo yenye shida yenyewe. Nianze na hiyo cha juu maana ndo inawaumiza watu wengi mjini hapa bila wao kujua.

Chukua hesabu. Umemwambia 120, yeye akamtafuta mteja wa 140. Hapo anachukua 20 ya juu, halafu anarudi kwako anadai asilimia 10 ya 120 ambayo ni mil 12, jumla kaondoka na mil 32 kwenye nyumba uliyojenga wewe kwa miaka. Na haiishii hapo. Kwenye mkataba wa mauziano mtaandika bei gani? Mkiandika 140 basi kodi yenu inahesabiwa kwa 140 wakati mkononi mwenu 140 haijawahi kufika, mkiandika 120 mmesaini uongo na mnunuzi siku mkigombana anabaki na karatasi inayosema alilipa 120 wakati alitoa 140, sasa nani atamsikiliza? Kwa hiyo cha juu ikatae kabisa, bei anayoilipa mnunuzi iwe ndo bei mnayoijua nyie, na pesa iingie kwenye akaunti yenu moja kwa moja.

Ila sasa usimnyime kijana sababu ya kuhangaika, hapa naomba unisome vizuri. Tuseme mmekubaliana asilimia 5 basi. Akaja mteja anasema ana 110, dalali atakushawishi ukubali, "mama soko gumu, chukua hela hii", na sio kwamba ni mtu mbaya, ila kwake ile mil 10 iliyopungua inamgharimu laki 5 tu, kwako inakutoa mil 9 na nusu. Ndo maana mnapangiana kwa ngazi. Mfano: asilimia 5 mpaka mil 115, halafu chochote kinachozidi 115 apate asilimia 15 ya hicho kilichozidi. Nyumba ikiuzwa 125 anapata mil 5 na laki 7 na nusu ya ngazi ya kwanza, anaongezewa mil 1 na nusu, jumla mil 7 na robo, nyie mnabaki na mil 117 na laki 7 na nusu. Kwa masharti anayoyataka yeye nyumba hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo ya 125 angechukua mil 17 mkabaki na 108. Ona tofauti hiyo, karibu mil 10, ni msingi na kuta za nyumba ya Dodoma.

Hiyo asilimia 10 yenyewe ni mazoea tu ya madalali, hamna sheria iliyoipanga, kwenye nyumba za bei kama yenu watu wanashuka mpaka 5 na wengine 3. Mwambie kwa heshima, usimdharau, kazi yake ina gharama, vocha, bodaboda, wateja kumi wanaokuja kuangalia na kupotea, na mara nyingi kamisheni anagawana na mwenzake aliyeleta mteja. Mkae naye chini umwambie "mdogo wangu, kazi yako naijua, mimi nakupa asilimia 5 na nyongeza ukinipandishia bei, ila cha juu hapana". Dalali anayejua kazi atakaa mezani, atavutana na wewe kidogo kwenye namba, ila atakaa. Anayenyanyuka kwa sababu tu umekataa cha juu mwache aende, usimkimbilie.

Kuhusu kuwa peke yake, hilo mimi nalikubali tena nalipenda, maana mkiigawa kwa madalali sita mtaiona nyumba yenu Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei nne tofauti, huyu 118 yule 135, mnunuzi akiona hivyo anajua kuna ujanja na anakimbia. Ila upekee ni kitu kikubwa unampa, na yeye atoe kitu. Siku 60 tu, zikiisha bila mteja wa maana mko huru. Picha nzuri apige yeye, na asipandishe bei yoyote mtandaoni ambayo hamjakubaliana. Kila wiki akutumie meseji nani kaja kuangalia na kasema nini. Na wateja wenu wenyewe, jirani, ndugu, mtu wa kanisani au msikitini ambaye mlishaongea naye kabla, waandikeni majina mapema kwamba hao wakinunua hamna kamisheni. Na yeye pia mlindeni: mteja aliyemleta kwa meseji yenye jina na tarehe, akirudi kununua ndani ya miezi mitatu baada ya mkataba kuisha, kamisheni yake mlipeni, ni haki yake.

Hati orijino HAPANA. Hapo usijadiliane hata dakika. Mpe kopi, mteja akiwa siriasi anachukua namba ya hati na ya kiwanja anaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, huko ndo atajua nyumba ni yenu na haina mkopo. Orijino inatoka siku ya kusaini, mbele ya wakili.

Malipo ya dalali yafuate pesa. Mnunuzi akilipa nusu, dalali anapata nusu yake, sio amalize yote kwenye advansi halafu mnunuzi aingie mitini.

Na haya yote yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha, msaini nyie wawili wote maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Halafu karatasi hiyo ina faida nyingine: kodi ya ongezeko la mtaji, ile kapitali geini, mnalipa asilimia 10 ya faida, na kamisheni ya dalali ni gharama ya kuuzia inayoingia kwenye hesabu mkiwa na ushahidi wake. Cha juu haina karatasi. Risiti zenu za saruji, mabati na mafundi nazo anzeni kuzitafuta leo.

SWALI: Nipo Muscat, nauza nyumba yangu Tanga. Dalali anasema nimwandikie yeye pawa of atoni ili asaini na kupokea pesa kwa niaba yangu, sitasumbuka kusafiri. Ni sawa?
Msomaji wa Oman

JIBU: Hapana ndugu yangu. Dalali anayelipwa kwa kuuza asiwe huyo huyo anayesaini na kupokea hela, hapo hamna wa kumuuliza chochote. Pawa of atoni mpe ndugu unayemwamini au wakili, itaje nyumba hiyo tu kwa namba ya kiwanja, itaje bei ya chini kabisa anayoruhusiwa kuuzia, na iseme pesa inaingia kwenye akaunti yenye jina lako. Isaini ubalozini hapo Muscat, ikifika Tanzania isajiliwe kwa msajili wa hati kabla haijatumika. Dalali yeye mwandikie karatasi yake tofauti ya kutafuta mteja, yenye masharti kama niliyomwambia dada wa Kimara hapo juu, na kila mteja anayekuja nyumbani ndugu yako awepo.