Paswadi yako usimpe, msaada mpe

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwenzako wa chumbani huko Malindi amefungiwa akaunti ya chuo kwa sababu ya karo, kazi yake inatakiwa Ijumaa, naye anakuomba paswadi yako aingie maabara ya kompyuta na waifai mpaka mambo yake yakae sawa. Ukaongeza kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ukauliza kuna ubaya gani.

Msaidie, lakini paswadi usimpe.

Mtandao wa chuo hautambui sura ya mtu. Kifaa kinapoingia, seva, yaani kompyuta kuu ya mtandao, hukipa anwani, ile namba ya kukitambulisha mtandaoni, kisha huandika kwenye daftari lake: saa, namba ya kifaa, anwani kiliyopewa, na akaunti iliyotumika. Huko nje, chuo kizima huonekana kwa anwani moja au chache tu. Mtu akitukanwa au akitapeliwa kutoka humo, atalalamikia anwani ya chuo, na wasimamizi watafungua daftari kutazama saa ile alikuwapo nani. Jina la rafiki yako halitakuwamo. Litakuwamo lako, nawe ndiwe utakayehangaika kuonyesha kwamba hukuwapo.

Wala si lazima mwenzako awe na nia mbaya. Huenda akatoka maabara kwenda kula akaacha akaunti wazi, na aliyekaa baada yake akafanya atakalo. Huenda brauza ikamuuliza kama ihifadhi paswadi, akakubali bila kusoma. Na paswadi ya chuo mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya barua pepe, ya kusajili masomo na ya kuona alama. Aliyeingia kwenye barua pepe yako anaweza kuomba paswadi mpya ya kila akaunti uliyoifungua kwa anwani ile, na fikiria ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ikiwa mojawapo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inataja, katika kifungu cha 19, kutoa paswadi kwa kujua na bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kuingia kwenye mfumo bila idhini, kifungu cha 14, adhabu yake ni kiasi hicho hicho. Chuo kwa kawaida huanza na kanuni zake chenyewe, kama kukufungia akaunti au kukuita mbele ya kamati ya nidhamu, lakini ni vyema ujue ukuta uko wapi kabla hujaugonga.

Mtu anayesema hakukusudia ubaya, mweleze habari ya Robert Tappan Morris. Tarehe 2 Novemba 1988, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachilia kwenye intaneti programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Programu ile haikufuta mafaili ya mtu. Ilikuwa ikifika kwenye kompyuta huuliza kama nakala nyingine imekwisha kuingia, ila mara moja katika kila saba iliendelea hata ikiambiwa ndiyo. Hesabu hiyo ya moja kwa saba ndiyo iliyojaza kompyuta nakala juu ya nakala mpaka zikashindwa kufanya kazi. Na mojawapo ya njia zake za kupenya ilikuwa kubahatisha paswadi: ilijaribu jina la akaunti lenyewe, jina hilo limegeuzwa nyuma mbele, kisha orodha fupi ya maneno ya kawaida. Ilipoipata ya mtu mmoja mzembe, ilijaribu kuitumia kuvukia kompyuta nyingine. Morris alihukumiwa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050.

Kwa hiyo na yako usiweke jina lako, wala mwaka wa kuzaliwa, wala Lamu2005. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe, na usichukue methali, maana methali kila mtu anaijua. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswadi kuulizwa kitu cha pili kama namba iliyotumwa kwenye simu yako, ikiwa chuo kinautoa.

Liko jambo jingine ambalo wanafunzi hawaelezwi vizuri, nalo ni kugawana kasi. Chukua mfano wa laini ya megabiti 100 kwa sekunde na wanafunzi 200 walio hewani pamoja: kila mmoja ana nusu megabiti. Filamu ya gigabaiti 1.5 ni megabiti 12,000, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Kwa fungu lake la haki, mtu angeipakua kwa zaidi ya saa sita na nusu. Basi mbona mwenye torenti, ile programu ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi kwa pamoja, humaliza mapema? Kwa sababu laini, isipodhibitiwa, huelekea kugawa kwa kila muunganisho, haihesabu watu. Wewe unasoma ukurasa kwa miunganisho michache, yeye amefungua makumi, na kila mmoja unadai fungu lake. Ni sawa na birika la msikitini hapa Lamu: watu wote wana kata moja moja, anakuja mmoja na kata hamsini. Akichukua megabiti 60, wale 199 wanabaki na 0.2 kila mtu, na somo la video linakatika katikati ya sentensi ya mhadhiri. Torenti tena hupakia huku ikipakua, kwa hiyo njia ya kutokea nayo huziba. Filamu zenu pakueni kwa bando la simu, na masasisho makubwa ya kompyuta yaachieni usiku.

Usichomeke ruta yako kwenye tundu la mtandao ukutani, hata kama waifai ya bwenini ni dhaifu. Ikiunganishwa kwa upande usiofaa huanza kugawa anwani zake kwa vifaa vya watu, na nusu ya bweni hupotea hewani bila kujua sababu.

Katika maabara, toka kwenye akaunti kabisa kabla ya kuinuka, maana kufunga dirisha la brauza hakutoshi. Flashi ikirudi na folda zote zimegeuka njia za mkato, usibofye hata moja, kwani kubofya ndiko kunakoamsha kirusi. Ikague kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha fungua dirisha jeusi la amri za Windows uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zilikuwa zimefichwa tu, zitaonekana tena, na hizo njia za mkato utazifuta.

Sasa rafiki yako. Leo hii, asingoje Alhamisi, aende ofisi ya fedha aombe kulipa karo kwa mafungu na apewe barua, kisha aende nayo kwa wasimamizi wa mitandao aombe afunguliwe kwa muda. Amwandikie pia mhadhiri, kwani kazi inaweza kupokelewa kwenye karatasi. Makala ya somo lenu uliyokwisha kuyapakua msome pamoja. Usijaribu kumpakulia mamia kwa mpigo kutoka maktaba ya kielektroniki, maana mchapishaji akiona hivyo hufunga anwani ya chuo, na chuo kizima hukosa. Kuandika hakuhitaji intaneti: mwazime kompyuta yako jioni, lakini mfungulie akaunti ya mgeni.

Na kama ulishampa kabla barua hii haijakufika, badilisha paswadi leo kwa kifaa chako mwenyewe na uchague kutoa vifaa vyote vilivyomo. Tazama kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yako, na kama barua pepe zako hazipelekwi kwa anwani nyingine. Mwombe asahaulishe waifai ya chuo kwenye simu yake, nawe usahaulishe kwenye yako kisha uingie upya. Usipofanya hivyo, simu yake itaendelea kubisha kwa paswadi ya zamani, na baada ya makosa kadhaa mfumo unaweza kuifunga akaunti yako wewe.

Barua ya ofisi ya fedha ikiwatatiza, nipigieni baada ya Isha tuiandike pamoja. Msalimie sana mwenzako, na mwambie karo yake tunaijadili na babako.

Mamako,
Langoni, Lamu