Jibu: Kipindi na gemu za Krismasi za kuanza nazo

Umeuliza utazame au ucheze nini Krismasi hii, na muda wenyewe ni mchache. Kwa Doctor Who, tamthilia ya TV ya Uingereza, usianze na kipindi cha The Christmas Invasion (2005): Doctor mpya (mhusika mkuu), anayeigizwa na David Tennant, amelala sehemu kubwa ya kipindi, na utamu wake unataka uwe umeona mwisho wa msimu uliotangulia. A Christmas Carol (2010) inajitosheleza. Chukua hiyo.

Kwenye gemu, Christmas NiGHTS (1996) ya Sega Saturn, mashine ya gemu ya zamani, haina mpinzani. Ni fupi, lakini husoma saa ya mashine: Desemba inakuletea mapambo ya Krismasi, Novemba na Januari mandhari ya baridi tu, miezi mingine ni demo (toleo fupi la majaribio) ya kawaida. Hapo ndipo wengi hukwama. Betri ya CR2032, iliyo chini ya kifuniko kidogo nyuma ya mashine, ikiisha, tarehe inapotea, na save (rekodi za ulipofikia kwenye gemu) zilizo ndani ya mashine zinafutika pia. Badilisha betri, weka tarehe ya Desemba, ndipo uwashe gemu.

Gemu ya Batman: Arkham Origins (2013) nayo hadithi yake ni ya mkesha wa Krismasi mtupu, ila ni ndefu; usiianze tarehe 24 ukitegemea kuimaliza 25.