Kwa nini leza inakata mstari mmoja mara mbili

Umeuliza kwa nini leza inapita mara mbili kwenye mstari uleule na kuunguza kingo za plaiwudi. Mashine haina hitilafu. Mchoro wako una mistari miwili iliyolaliana ambayo kwa macho huonekana kama mmoja. Hutokea hasa miraba miwili inapopangwa bega kwa bega, kwa sababu kila mraba una ubavu wake, na leza huufuata kila mmoja. Bofya mstari huo, usogeze kidogo, na ukiona mwingine umebaki chini yake, ufute. Maandishi nayo yabadilishwe kuwa njia (path), yaani mistari ya mchoro badala ya herufi, kabla ya kuhifadhi faili.

Ninalolisisitiza zaidi, kwa kuwa huharibu mbao nyingi, ni vipimo: Inkscape, programu ya kuchorea, tangu toleo la 0.92 huhesabu pikseli 96 kwa inchi, ilhali baadhi ya programu nyingine huhesabu 72, kwa hiyo mraba wa milimita 30 uliochorwa Inkscape huweza kufunguka humo ukiwa na milimita 40. Tafadhali weka mraba kama huo pembeni mwa mchoro, uupime ndani ya programu ya leza, kisha uufute ndipo ukate.